Waya wa Droo ya Karani

Juma lililopita, katika ofisi moja ya umma hapa Machakos, karani alitutangazia sisi tuliopanga foleni kutuma fomu kwamba intaneti imepotea. Kisha akafungua droo, akatoa waya wa USB, akamkazia macho msichana aliyekuwa mbele yangu.

"Hiyo simu yako si iko na intaneti? Leta niunganishe na kompyuta."

"Lakini nangoja kupigiwa na watu wa kazi."

"Dakika mbili tu, dada. Si unataka kusaidika?"

Msichana akampa. Fomu yake ikaenda, halafu yangu, halafu za watu wengine sita. Karani akamalizia kwa kusoma matokeo ya mpira.

Simu zetu hizi zikishika intaneti hazipokei mtu akipiga. Karani alipochomoa waya, ile ya msichana ikalia papo hapo. Msichana akasikiliza, akaishusha.

"Wanasema wamenipigia mpaka wakachoka, wanaambiwa tu mteja hapatikani. Wamechukua mwingine."

"Pole," karani akasema, akizungusha waya vidoleni. "Nani mwingine ako na simu ya intaneti?"

Tulitazama sakafu. Mimi ninayo, tena mpya kuliko ya msichana. Niliizima pale tu droo ilipofunguliwa.