Uji Uliolala

Kosa kubwa la utoto wangu halikuwa kuiba sukari wala kuvunja kioo cha jirani. Nilichemsha togwa ya baba, uji wake uliochachushwa. Niliichemsha mpaka ikafura povu, nikaikoroga kwa mwiko, nikaifunika vizuri, kisha nikakaa pembeni nikijiona mtoto msafi kuliko wote Chang'ombe.

Nimelikumbuka asubuhi hii kwa sababu ya harufu. Chumbani kwangu hapa Kinondoni kuna ndoo ndogo nyeupe yenye mfuniko. Huwa naiweka chini ya meza ninayochorea kadi za harusi, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kukosea na kurudia. Nilipofunua ndoo ikanijia: uchachu mwororo, kama embe bichi lililokatwa karibu na unga unaoumuka, na kwa mbali utamu wa nafaka iliyoota. Asiyeizoea angesema kuna kitu kimeharibika. Mie nilibaki nimeshika mfuniko, nikawa tena mtoto wa darasa la nne, nimesimama uani pekupeku, naogopa.

Tuliishi Chang'ombe kwenye nyumba ya kupanga, yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Kila familia ilikuwa na chumba chake, na huko uani tulishirikiana bomba, choo na kamba za nguo. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana nyuma ya viwanda. Alikuwa Mngoni wa Songea, mkimya, mwenye mabega mapana na vidole vilivyoungua mara nyingi mpaka ngozi yake ikawa kama soli ya kiatu. Na mtu huyo, kila Ijumaa jioni akishaoga, alikuwa anapika togwa.

Wanaume wengine wa nyumba ile walisikiliza mpira redioni. Baba aliinama juu ya jiko la mkaa akakoroga uji wa mahindi, akauepua, halafu akausubiri upoe. Hapo ndipo penye kazi, alikuwa akisema. Ukitia kimea uji ungali moto, umekiua; ukitia uji umeshapoa kabisa, kimea kinasinzia. Kimea ni unga wa ulezi uliolowekwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Wetu ulianikwa juu ya bati safi alilolikata mwenyewe kule karakana. Kwa kuwa vidole vyake havikusikia joto tena, alipima uji kwa ncha ya kiwiko, kama mama anavyompimia mtoto mchanga maji ya kuoga. Nilipenda sana kumtazama. Jibaba zima limekunja mkono wa shati, limefumba macho, linasikiliza sufuria kwa kiwiko.

Alipomimina kimea, uji mzito ulilegea mbele ya macho yetu, ukawa mwepesi na mtamu bila sukari. Mwisho aliongeza togwa kidogo iliyobaki wiki iliyopita, ambayo aliiita mbegu, akafunika ndoo na kuiacha kwenye kona ichachuke. Mbegu ile ilitoka kwa mama yake. Baba alipokuja mjini kutafuta kazi, bibi alimfungia chupa ndani ya khanga, naye akasafiri nayo mapajani. Mie bibi sikumkuta, alifariki kabla sijazaliwa. Mbegu yake ilikuwa bado hai.

Chumba cha kwanza karibu na mlango wa mbele alikaa Mama Zuhura, Mzaramo, mwenyeji wa Temeke tangu enzi za babu zake. Alikuwa anapika vitumbua na kuviuza pale barazani, na mdomo wake ulikuwa moto kuliko chuma chake cha vitumbua.

"Baba Deo! Leo tena unalaza uji? Kwetu uji ukilala tunawamwagia bata, nyie Wangoni mnaukaribisha mezani!"

Baba hakuinua hata kichwa. "Ndiyo maana bata wenu wananenepa kuliko nyie, jirani."

"Ona unavyotokota bila moto! Wadudu hao, wamo ndani wana kikao!"

"Wanacho. Na ajenda ni wewe."

Uani kote watu walivunjika mbavu. Wangoni na Wazaramo ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukusema hata msibani kwako, nawe ukamshukuru. Lakini hilo mie sikuwa nalijua. Nilikuwa mtoto wa kuchukua kila neno kama lilivyotamkwa. Ukiniambia nisubiri dakika moja, nilitazama saa. Kwa hiyo nilipochungulia ndoo na kuona vipovu vikipanda vyenyewe, niliamini kabisa kwamba mna wadudu wana kikao.

Mwaka ule nikaugua tumbo. Nadhani ilianza na barafu za ukwaju zilizouzwa nje ya shule. Mama, ambaye alikuwa karani na hakupenda kuona mwanawe akiteseka hata kidogo, alipita duka la dawa akaninunulia vidonge vya rangi mbili. Nikapona, tukaviacha katikati. Nikaugua tena, akanunua tena. Ikawa ndiyo desturi yetu. Mwishowe tumbo likawa halijui liko upande gani: linajaa gesi, linanguruma kanisani, linanikimbiza chooni bila taarifa. Siku moja darasani halikunipa hata muda wa kunyoosha mkono. Sitaeleza zaidi. Waliokuwepo wanajua, na namwomba Mungu wawe wamesahau.

Tangu siku hiyo nikakata shauri: sitakula kitu kabla ya shule. Tumbo tupu haliwezi kumwaibisha mtu. Baadaye nikaacha na cha mchana. Nilichokiamini ni vitumbua vya Mama Zuhura tu, kwa sababu nilisimama pale na kuona kwa macho yangu vikitoka kwenye mafuta ya moto. Shati la shule likaanza kuninginia. Asubuhi moja tukiwa mstarini, kabla wimbo haujaisha, nilianguka.

Mwalimu mkuu alimwita baba. Alimwambia nikae nyumbani mpaka niweze kusimama, ila mtihani wa darasa la nne umekaribia, na nikiukosa nitarudia darasa. Mie niliyekuwa nalia nikiwa wa pili! Nilihisi kama nimeambiwa nitafutwa duniani.

Baba akaomba ruhusa kazini, akanipeleka zahanati. Daktari alinipima, akanibonyezabonyeza tumbo, akaomba kuona vidonge. Alivigeuzageuza kiganjani.

"Mtoto hana ugonjwa tena," alisema. "Ana tumbo lililofagiliwa. Hizi dawa zina kazi yake, lakini si pipi, baba. Tumboni kuna vijidudu wabaya na kuna wazuri wanaosaidia kusaga chakula. Ukizimeza ovyo unawaondoa wote. Msinunue tena bila kuandikiwa. Ale maharage, mboga, matunda. Na kama nyumbani kuna mtindi au togwa safi, mpeni kidogo kidogo."

Baba alitoka pale anatabasamu. Njiani akanifafanulia kwa namna yake. "Tumbo ni kama nyumba yetu, Deo. Wapangaji wengi. Huyu anapiga kelele, yule anafagia uwanja, mwingine analinda mlango. Ukiwafukuza wote kwa sababu ya mkorofi mmoja, hujui nani atahamia usiku."

Maneno mazuri. Lakini mie nilikuwa nimesikia jambo moja tu: wanataka kuninywesha vijidudu kwa kikombe. Shuleni ukutani palikuwa na picha ya vijidudu, wenye meno na macho mekundu, na chini yake maandishi makubwa kwamba maji ya kunywa lazima yachemshwe. Picha haikusema lolote kuhusu wazuri.

Jumamosi alasiri baba akiwa karakana na mama kaenda sokoni, niliwasha jiko. Nikamimina togwa yote kwenye sufuria, nikaichemsha. Halafu, kwa kuwa sijawahi kuweza kuacha kazi nusu, nikachukua na kopo lililokuwa kwenye kona, ambamo baba alibakiza mbegu ya wiki ijayo, nikalichemsha pia.

Baba alirudi ananuka moshi wa chuma. Akachota kikombe, akaonja, akakitua chini taratibu.

"Deo. Umeichemsha?"

"Ndiyo, baba. Nimewaua wote."

Akafunua kopo. "Na hii?"

"Na hiyo."

Alikaa kwenye kigoda. Nilingoja kofi, au angalau sauti. Badala yake aliinua kile kikombe cha uji uliokufa, akakinywa hadi tone la mwisho, akafuta mdomo. "Asante, umenipikia uji," akasema. Kisha akanitazama. "Umechoka kuogopa, ee?"

Hapo ndipo nilipolia, kilio cha kwikwi kilichomtoa Mama Zuhura barazani na upawa wake mkononi.

"Kuna nini huku? Mbona Mngoni kanyamaza? Nani kafa?"

"Mbegu ya mama imekwisha, jirani," alisema baba. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo.

Mama Zuhura aliniuliza kwa nini nimefanya hivyo. Nikamjibu kwa kwikwi kwamba si ni yeye aliyesema ina wadudu.

Akaziba mdomo kwa khanga. "Yarabi! Mtoto gani huyu anaamini maneno ya mtani?"

Akaingia chumbani kwake. Tukasikia vyombo vikigongana. Alirudi na chupa iliyofunguliwa kizibo nusu, ndani yake kitu cheupe kizito, chenye vipovu vikipanda vyenyewe.

"Haya. Vitumbua vyangu unavyovila kila siku vinaumuka kwa nini, we Deo? Kwa dua?" Akamgeukia baba, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana haya. "Ulinipa kikombe cha togwa nilipohamia hapa, hukumbuki? Ulisema karibu jirani. Mie nikaona, kitu kinachachuka vizuri hivi nikimwage? Nikakitia kwenye mchele wangu. Kila siku natia kidogo kwenye unga, nabakiza kidogo, naongeza mchele."

Baba alimtazama, akaitazama chupa, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi. "Uji uliolala!" akasema. "Mzaramo anauza uji uliolala barazani!"

"Nyamaza we! Ukimwambia mtu nakukana mchana kweupe."

Chakula pekee nilichokiamini duniani kilikuwa kimeumuliwa na wale wale niliokuwa nikiwawinda.

Jioni ile baba alipika upya. Uji ulipoepuliwa akaniita. "Njoo. Kiwiko changu nacho kimeanza kufa. We una ngozi inayosikia kila kitu. Utaniambia lini."

Niliosha mkono mpaka kiwiko, nikauosha tena. Nikagusa.

"Bado."

Tukakaa. Mama Zuhura alisimama mlangoni, kakumbatia chupa yake.

"Bado, baba."

Niligusa kwa mara nyingine. Joto lilikuwa kama la mtu aliyelala karibu nawe. "Sasa."

Baba akamimina kimea bila kuhakikisha. Hakugusa. Uji ukalegea, ukawa mwepesi, naye akaongeza kutoka kwenye chupa ya Mama Zuhura, akafunika. Kesho yake jioni nilikunywa funda moja, nimefumba macho. Ilikuwa chachu na tamu kwa pamoja, ikawasha ulimi kidogo. Ilikuwa kazi ya mkono wangu, nami sikuweza kuikataa kazi yangu mwenyewe.

Sitawadanganya kwamba nilipona kwa funda lile. Tumbo liliendelea kunguruma kwa muda mrefu. Vidonge tuliviacha, na pole pole yakarudi maharage, mchicha, papai, kikombe cha togwa jioni. Nilirudi shule kabla ya mtihani. Siku ya mtihani mama aliniwekea uji na maharage, nikala kijiko kwa kijiko, nikaenda. Nilikuwa wa sita. Baba alinunua kuku.

Ukubwani nilianza kusoma mambo ya tumbo kwenye simu, kwa pupa yangu ile ile ya kutaka kujua kila kitu kabla ya kugusa chochote. Ninayoyasoma kuhusu vijidudu wazuri, na vyakula vya nyuzinyuzi vinavyowalisha, hayapingani na nyumba ya wapangaji ya baba. Ila simu haijaniambia kwa nini hakunipiga. Nimelielewa mwenyewe, nikiwa mtu mzima mwenye hofu zangu nyingine: baba hakubishana na woga wangu. Aliupa kazi. Ngozi inayosikia kila kitu, ambayo kwangu ilikuwa balaa, yeye aliihitaji kwa ajili ya uji.

Nimeelewa pia kwamba mbegu ya bibi haikuokolewa na usafi wangu wala na kopo lililofichwa kwenye kona. Iliokolewa na kikombe ambacho baba alimpa jirani aliyemcheka. Ile iliyomo kwenye ndoo yangu leo imetoka kwenye chupa ya Mama Zuhura. Bado anauza vitumbua palepale barazani, na bado anamwita baba mlaza uji.

Bado naosha mikono kupita kiasi. Bado kadi moja naichora upya mpaka mteja anapiga simu kwa hasira. Lakini siku hizi sitoki nyumbani bila kula.