Amplifaya ya Mtu Mmoja

Mtaa mzima wa West Indies, mjini Eldoret, ulimpigia Jeconia Otiende makelele mchana kutwa, na kila aliyempigia alijiona amefanya hisani. Muuza maziwa alimfokea langoni. Mchungaji alimfokea mlangoni pa kanisa, mkono begani, mate yakimrukia usoni. Hata watoto walikuwa wamefundishwa kwamba Mzee Otiende ni kiziwi, kwa hiyo wasimwamkie bali wampigie ukelele.

Uziwi wenyewe aliupatia kwenye kiwanda cha nguo. Aliingia pale kijana mwenye masikio mazima, akawekwa kwenye ukumbi wa mashine za kufuma, mahali ambapo watu walizungumza kwa mikono. Siku moja aliwauliza wakubwa habari za vitu vya kuziba masikio. Wakamwambia achague, kazi au masikio. Alikuwa na watoto, akachagua kazi. Sikio la kushoto lilipokufa na la kulia likabaki nusu, wakaona hasikii tena kengele ya zamu, wakamstaafisha na kumpa zawadi ya kuagana: saa ya ukutani inayolia. Saa hiyo aliipa kanisa siku iyo hiyo, kabla hasira hazijamfanya aivunje.

Lakini jambo lililomkera kuliko yote ni kwamba hakuna aliyetaka kuelewa uziwi wake ulivyo. Sauti kubwa aliisikia vizuri sana. Alichopoteza ni maneno yaliyomo ndani ya sauti. Ukimfokea, alisikia ngurumo tu, kama lori linalopanda mlima, na ukizidi kufoka lori lilizidi kukaribia. Hospitalini walimpa kidude cha kuvaa sikioni. Kikamkuzia kila kitu kwa pamoja, kijiko, jogoo, mvua kwenye mabati, hadi akakitupa kabatini.

Mtu mmoja tu hakumfokea, naye ni mkewe Seline Aloo. Seline alizaliwa na sauti ya chini, na zaidi ya hayo kuta za nyumba zile zilikuwa nyembamba. Mke akimpazia mumewe sauti, majirani wangesema kwa Otiende kuna vita. Basi kwa miaka miwili mazungumzo yao yalikuwa ya ishara: chakula tayari, mvua inakuja, funga mlango. Mengine yote ambayo watu waliooana huambiana jioni, utani, umbea, manung'uniko, yalikaa kifuani mwa Seline. Jeconia aliyaona yamekaa pale, akaumia.

Dawa ilikuwa ikining'inia msumarini muda wote huo. Mhandisi Mjerumani wa kiwandani, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia kaseti rekoda yenye maikrofoni na hedfoni za ajabu. Hazikuwa na sumaku wala koili. Ndani mlikuwa na utando mwembamba sana uliotikiswa na umeme, na sauti ilitoka safi, kila neno peke yake. Tatizo ni kwamba hedfoni hizo hazikukubali kuchomekwa kwenye redio yoyote. Zilitaka amplifaya yake maalumu, ya kuzipa volti mamia kwa mamia, na ile ya Mjerumani iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu kupita kiasi.

Mwaka 1986 ndipo Kipyego, fundi wa redio nyuma ya soko, alipomwita. Alikuwa ameweka mezani vyombo viwili alivyovipata Nairobi. Kimoja kilikuwa amplifaya kubwa ya kawaida, pamoja na kisanduku cha kupandisha volti. Kingine kilikuwa kidogo, cha valvu nne, zile taa za kioo za redio za zamani, kimetengenezwa kwa ajili ya hedfoni za namna ile tu na si kwa kazi nyingine yoyote duniani.

"Chukua hii kubwa, Mzee," Kipyego alisema, akiandika maneno yale yale kwenye kipande cha karatasi. "Iko na nguvu. Siku ukichoka nayo utauza. Hiyo ingine nani atanunua?"

Jeconia alizisikiliza zote mbili asubuhi nzima. Ile kubwa ilikuwa na nguvu kweli, lakini chini ya kila wimbo palikuwa na mlio usiokoma, kama wa kitunguu kwenye mafuta. Alipohamia ile ndogo alidhani haijawashwa. Kimya kilikuwa kimya kitupu. Kisha kwaya ikaingia, na kabla ya sauti za pili kuanza kuimba alisikia wanawake wakivuta pumzi. Aliinua kidole, akakionyesha chombo kile kidogo, na hakutaka kusikia habari ya kuuza.

Jioni hiyo Seline alikaa upande wa pili wa meza, akashika maikrofoni ya rekoda kwa aibu kama bi harusi. Jeconia alivaa hedfoni.

"Baba Johnstone," Seline alisema kwa sauti yake ile ile ya chini. "Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Ile shati ya kahawia, mimi sijawahi kuipenda."

Jeconia alicheka hadi akavua hedfoni kupangusa machozi. Tangu siku hiyo, jua likianza kutua, meza iliondolewa vyombo na Seline akaanza. Alimweleza nani ameposwa, nani ameacha kwaya kwa kiburi, jinsi mama mkwe alivyomtesa mwaka ule wa kwanza na yeye Jeconia hakuona. Wakati mwingine waligombana. Kugombana na mkewe kwa maneno kamili kulimpa Jeconia raha ambayo hakuweza kumweleza mtu.

Kosa la Seline lilikuwa furaha. Baada ya ibada aliwaambia akina mama wenzake, "Mungu ni mwema, tumepata amplifaya." Sasa katika Eldoret ya wakati ule neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Amplifaya ni sanduku la kuunganishwa na vipaza sauti vyenye midomo ya tarumbeta, linalokodishwa kwa matanga, kwa harambee na kwa mikutano ya chama. Hakuna aliyewahi kusikia amplifaya ya kunong'onezwa.

Jackson Wasike, mwenyekiti wa chama pale mtaani, alikuwa na mkutano Jumamosi na mheshimiwa alikuwa anakuja. Jumamosi asubuhi, Jeconia akiwa Cheptiret kuangalia mahindi yake, vijana wa chama walibisha hodi.

"Mama, tumetumwa na chairman. Tunakuja kuchukua amplifaya."

"Hiyo si ya mkutano, wanangu. Ni ya masikio ya mzee."

"Mama, usiwe mchoyo kwa chama. Ama nyinyi hamko pamoja na sisi?"

Mwaka ule, nchi ikiwa na chama kimoja tu, swali hilo halikuwa la kujibiwa. Seline aliwaonyesha kwa kidole, akasimama kando ameinamisha kichwa, akawaacha waing'oe nyaya.

Uwanjani waliiunganisha na vipaza sauti vinne. Mheshimiwa alisimama, akainua mkono, akafungua kinywa, na kutoka kwenye vipaza sauti haikutoka hata chafya. Moshi ulitoka, huo ndio uliotoka. Mheshimiwa wa watu akahutubia kwa koo lake tupu, na waliokaa nyuma wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Jeconia aliporudi aliikuta amplifaya mlangoni, inanuka, na Wasike amesimama kando yake amefura. Alifoka kwa dakika nyingi. Jeconia akasikia lori. Ilibidi Seline amwandikie kwa kidole, juu ya vumbi la dirisha: *anasema umeharibu mkutano makusudi.*

Damu ilimpanda Jeconia hadi machoni. Hakuwahi kumpiga mtu maishani, na siku ile mkono ulifika nusu ya njia. Wamevunja mlango wa nyumba yake bila kuuvunja, wamemchukulia mke wake kinywa, na sasa yeye ndiye mkosaji! Seline aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

Kipyego alikwenda kueleza, fundi kwa niaba ya chombo, na Wasike akapoa. Lakini transfoma na valvu vilikuwa vimekwisha, na Kipyego alitafuta Nairobi nzima bila kupata vingine. Jioni zilirudi kuwa za ishara. Chakula tayari. Mvua inakuja.

Mheshimiwa alipopata habari alifurahi, maana palikuwa na nafasi ya kuonekana mkarimu. Mkutano uliofuata, Jeconia na mkewe waliketishwa viti vya mbele. Kitambaa kiliondolewa mezani, na hapo palikuwa na amplifaya mpya kubwa kama meko, na vipaza sauti sita. Zawadi ya Mzee Otiende kutoka kwa mheshimiwa! Uwanja ukalipuka kwa makofi. Wasike akamtia Jeconia maikrofoni mkononi ashukuru, kama ilivyokuwa desturi.

Jeconia alisimama. Hakuwa na hotuba, alikuwa na hasira za miaka kumi. Alimtazama mheshimiwa, akamtazama Wasike, akasema taratibu, kila neno peke yake:

"Mimi sikutaka kusikika. Nilitaka kusikia."

Watu wa safu ya mbele wakatazamana. Mtu mmoja akakohoa. Seline, kitini pake, aliinua kichwa na hakukiinamisha tena.

Wasike alitazama huku na huku, akaona nyuso za watu, akakurupuka kuelekea kwa kijana aliyekaa kwenye mitambo.

"Mzee anasema hasikiki!" alipiga kelele. "Ongeza sauti! Ongeza!"