Pampu Niliyomchagulia Luteni

Luteni alishuka ngazi na taulo kiunoni, povu la sabuni limemjaa masikioni, akampiga baba yangu kofi.

Yeye alikaa juu, sisi chini, katika nyumba ya ghorofa moja huko Old Kampala. Mwenye nyumba alikuwa Mhindi. Wahindi walipofukuzwa nchini, ghorofa ya juu akapewa luteni huyo, na sisi wapangaji wa zamani tukaachwa vyumbani mwetu, labda kwa sababu vilikuwa na giza. Baba alikuwa mwalimu wa Kurani, amevuka miaka sitini. Hata wauza ndizi wasiokuwa Waislamu walimwita Mwalimu na kumpisha njia.

Maji ya nyumba ile yalikuwa dhaifu tangu zamani. Shawa ya juu ilitoa uzi wa maji usiozidi unene wa kamba ya kiatu. Asubuhi ile hata uzi wenyewe ulikatika, na luteni akaamini kwamba tumeufunga sisi.

"Wewe mzee, nani nafunga maji yangu?"

"Hakuna aliyefunga, Afande. Ndivyo yalivyo maji ya nyumba hii."

Hapo ndipo kofi lilipotua. Kofia ya baba ikaangukia topeni. Kisha luteni akaamuru apandishiwe ndoo mbili ili amalize kuoga. Niliikimbilia ndoo, naye akanizuia kwa kidole.

"Si wewe. Yeye."

Baba akapanda na kushuka mara mbili, huku wanafunzi wake wamekaa barazani na juzuu magotini, wakitazama sakafu. Aliwasomesha kama kawaida, ila siku nzima alivaa kofia ile ile yenye tope, na mimi sikujua kama amesahau au amekusudia.

Wakati huo nilikuwa karani katika duka la mabomba na pampu karibu na soko la Nakasero. Tajiri wangu wa kwanza, Mhindi naye, alikuwa amenifundisha kazi kwa miaka mitano. Aliyekabidhiwa duka baada yake alikuwa mmoja wa wale tuliowaita mafutamingi, matajiri wa ghafla waliogawiwa mali za Wahindi: hakuweza kutofautisha koki na nati. Mteja akiuliza jambo, aliletwa kwangu.

Mwezi haujaisha, luteni akaingia dukani. Hakunitambua, au alinitambua asijali.

"Shawa yangu hapana nguvu," alisema. "Nataka pampu."

Nilimwonyesha ndogo, ambayo ingeifaa nyumba ile. Nilikwisha kumjua ni mtu wa namna gani, nikajua ataikataa.

"Hii ya mtoto! Mimi nataka kubwa. Kubwa kushinda yote."

"Mpe Afande kubwa," tajiri mpya akadakia, jasho likimtoka.

Kubwa kushinda zote ilikuwa ya kunyweshea shamba. Nilimweleza luteni kila kitu: nyaya ziingie wapi, ijazwe maji kabla ya kuwashwa, ifungwe kwenye tangi kubwa la uani. Yote yalikuwa kweli. Jambo moja nililikalia. Mabomba yaliyomo ndani ya kuta za ghorofa ile yalikuwa ya chuma kilicholiwa na kutu. Mwenye nyumba aliwahi kuja kununua pampu, na tajiri wangu wa kwanza akamkatalia mbele yangu: badilisha mabomba kwanza, la sivyo kuta zitapasuka. Maneno hayo nilikuwa nayo kichwani neno kwa neno. Nikamfungia luteni nati zake katika gazeti, nikamwambia, "Uoge salama, Afande."

Fundi wa magari wa kambini ndiye aliyeifunga. Nami nikangoja.

Ilifanya kazi vizuri mno. Maji yalipiga sakafu juu ya vichwa vyetu kama mvua juu ya bati, na luteni akawa anaimba. Wiki nzima nilikula chakula nimetega sikio. Nilianza kuamini kwamba nimempa adui yangu zawadi, na chuki yangu ikaongezeka maradufu.

Jumapili moja akatoka na kuiacha pampu inanguruma, koki zote za juu zimefungwa. Kama saa nne asubuhi nilisikia kishindo ndani ya ukuta, halafu mchirizi. Ukuta ukalowa, kisha mbao za dari zikaanza kudondosha.

"Zimeni hiyo pampu!" baba alisema.

Swichi ilikuwa juu, nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli. Lakini koki ya tangi ilikuwa uani, hatua kumi kutoka nilipokaa, na baba hakujua kwamba kuifunga kungeyakata maji. Niliitazama. Nikaendelea kuchambua mchele.

Baadaye matone yakawa mazito, ya rangi ya chai. Mama alifuta moja mezani, akaonja kidole.

"Sukari!"

Sukari tulikuwa hatujaiona kwa wiki nyingi. Watu walipanga foleni tangu alfajiri wakarudi mikono mitupu. Kumbe luteni alikuwa na magunia yake ya magendo, yamerundikwa mpaka darini. Mama akakimbilia sufuria.

"Asionje mtu," baba akasema. "Mali ya dhuluma haiingii matumboni mwetu."

Mama akairudisha sufuria, lakini kidole alikuwa amekwisha kukilamba.

Luteni alirudi alasiri. Tulisikia buti zake zikinata sakafuni. Akashuka, akanijia.

"Wewe! Pampu yako!"

"Ulitaka kubwa kushinda yote, Afande. Tajiri wangu ni shahidi."

Aliinua mkono, kisha akaushusha. Hakuwa akinitazama mimi, alitazama barabarani. Sukari haikuwa yake, ilikuwa ya mkubwa wake. Nililielewa hilo alipomgeukia baba na kusema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, niombee dua. Sukari ya mkubwa wangu."

Baba akainua mikono, akamwombea. Mama akaitikia amina. Mimi sikuitikia.

Siku ya tatu gari lilikuja na wanaume wanne wa usalama waliovaa miwani myeusi. Luteni aliingia garini bila kushikwa. Hatukumwona tena.

"Ulijua mabomba yatapasuka?" baba aliniuliza jioni ile.

"Nilijua."

"Na hapakuwa na njia ya kuyazuia maji?"

"Ilikuwepo."

"Mimi sikukutuma," alisema.

"Najua, Baba."

Tangu utoto wangu mimi ndiye niliyemmiminia maji ya kutawadha. Baada ya siku hiyo alianza kujimiminia mwenyewe, mpaka alipofariki, na lilikuwa jambo chungu. Hata hivyo sikumwambia kwamba najuta, kwa sababu baba hakupenda kuambiwa uongo.