Kiti Ndani ya Kioo

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukigundua kwa Cheche ni kwamba hubisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Hurudi kutoka karakana jioni, shati likiwa na matundu madogo ya zile cheche zilizompa jina, husimama mlangoni na ufunguo mkononi na kusema, "Hodi," kwa sauti ya chini. Husubiri kidogo. Kisha huingia. Nyumba ni ya vyumba viwili, na tangu mkewe afariki hakuna mwingine anayeishi humo.

Majirani walidhani ni mazoea tu. Hawakujua kwamba ndani kulikuwa na mtu ambaye Cheche alitarajia kumkuta.

Sebuleni, juu ya meza ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, kulikuwa na tangi la samaki la marehemu mkewe: samaki kumi na wawili wadogo wenye mstari wa buluu ubavuni, majani ya aina mbili tatu, na katikati yungiyungi moja, ua la majini, alilolipanda likiwa kiazi kisichozidi kidole gumba. Taa yake ilikuwa mrija wa zamani, mwanga wake rangi ya chai hafifu. Kwa kuwa ndani ya tangi kulikuwa na kiza, kioo cha mbele kilirudisha sebule nzima: dirisha, pazia, na kiti cha mbao ambacho mke alizoea kukalia akitazama samaki wake.

Jioni, mwanga wa dirishani ulipofifia, Cheche alimwona mkewe ndani ya kioo, kwenye kiti hicho. Uso hakuuona. Aliona bega, mtandio, na shingo iliyonyooshwa kama ya mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini. Akigeuka, kiti kitupu.

Alijua vizuri sana anasubiri nini.

Siku zake za mwisho, mapafu yakiwa yamemchoka, mke alilala chumba cha ndani na kila asubuhi aliuliza, "Limechanua?" Kila asubuhi Cheche alijibu, "Bado." Kisha ikaja asubuhi ambayo pumzi zake zilikwaruza kama msumeno kwenye ubao mbichi, naye Cheche hakuwa na moyo wa kusema bado.

"Limechanua," alisema.

"Rangi gani?"

Ulimi ukamtangulia. "Jeupe."

"Mimi nilidhani litakuwa la waridi," mke alisema, akacheka kidogo. Alasiri ile ile akafariki. Yungiyungi halikuwa na tumba hata moja.

Miezi saba baadaye lilikuwa limebaki na majani mawili, yote yana matundu. Aliyelisemea ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, karani wa shule, ambaye kila Jumamosi alipita kumkagua.

"Shemeji, unakula kweli wewe? Hilo shati linakuvaa wewe."

"Nakula."

"Unakula moshi wa karakana." Akainamia tangi. "Na hili nalo limekonda kama mwenye nyumba. Dada alipanda kitu ili wewe ukitazame kikioza?"

Akamburuta hadi kwa muuza samaki wa mapambo, mzee mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji. Mzee alilitazama jani walilomletea, akatikisa kichwa.

"Fundi, mmea unakula mwanga na hewa. Wako una njaa ya vyote viwili. Chukua hii taa ya LED. Lakini mwanga peke yake utakuletea mwani, tangi lote livae koti la kijani. Lazima uongeze hewa ukaa, mapovu machache machache."

"Hewa ukaa ninayo," Cheche alisema. "Mtungi mzima. Ndiyo ninayochomelea milango."

"Kumbe! Basi wewe una shamba, hujui tu."

Akampa na kichupa cha kuning'iniza ndani ya maji, chenye dawa inayobadilika rangi. Buluu, mmea una njaa. Kijani, mambo sawa. Njano, samaki wanakabwa. "Na taa ikizimwa, funga gesi. Gizani mmea hauitaki."

Cheche aliijaribu taa siku hiyo hiyo. Tangi likang'aa mpaka kokoto ya mwisho, na kioo kikaonyesha kilichomo ndani tu. Dirisha halikuwemo, pazia halikuwemo. Kiti hakikuwemo. Aliizima haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mwenzake anaoga, akairudisha kwenye boksi.

Jumamosi mbili baadaye shemeji alilikuta boksi chini ya meza.

"Hii taa unaiatamia? Unasubiri iangue?"

Hapo ndipo Cheche alipomweleza yote, kiti na uongo. Shemeji aliitoa taa kwenye boksi, akaiweka juu ya meza.

"Dada hakupenda kusubirishwa," alisema. "Kama yuko pale, shemeji, usijidanganye kwamba amekuja kukutazama wewe. Anataka ua lake."

"Nikiiwasha sitamwona tena."

"Na usipoiwasha, atakaa pale hadi lini?"

Cheche alipiga moyo konde. Alichomelea kishikizo, akaifunga taa, akaleta mtungi mdogo, akaingiza mpira wa gesi majini. Lakini fundi wa kuchomelea hupima gesi kwa sikio: hufungua mpaka isikike ikinong'ona. Tena mashine ya karakana huikata gesi yenyewe, kidole kinapoachia tu. Kwa miaka ishirini mkono wake haukuwahi kujifunza kufunga koki kwa sababu ya taa. Alifungua mpaka aliposikia, na usiku akazima taa tu.

Asubuhi kichupa kilikuwa cha njano kama ndimu iliyoiva. Samaki wote walikuwa juu, midomo wazi, wakigugumia hewa. Pumzi zile alizifahamu. Alifunga gesi, akachota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, akachota tena, akamwaga tena. "Vuta," aliwaambia. "Vuta taratibu." Yalikuwa maneno yale yale aliyomwambia mkewe.

Mchana kumi walishuka chini, wakaogelea. Wawili aliwazika karibu na ukuta, kisha akampigia simu shemeji.

"Wawili wamekufa. Nimekosea mimi."

Angeweza kusema wote wazima. Nani angewahesabu?

Tangu siku hiyo alihesabu mapovu kwa macho, povu moja kila sekunde, na alifunga koki kabla ya kuzima taa. Kichupa kikatulia kwenye kijani. Yungiyungi likatoa jani, likatoa jingine, mpaka majani yakafika juu na kulala kwenye maji. Hodi aliendelea kubisha, ingawa kiooni hapakuwa tena na mtu. Lakini jioni moja alikuta kiti kimesogea karibu na tangi, hatua nzima.

"Ulisogeza kiti?" alimuuliza shemeji.

"Mimi? Jumamosi nilikaa jikoni muda wote."

Cheche alikiacha kiti pale pale.

Jumatatu iliyofuata tumba lilipanda juu ya shina jembamba na kutokeza nje ya maji. Muuza samaki alisema ni la kuchanua asubuhi, labda Alhamisi. Alhamisi Cheche hakufungua karakana, na shemeji akaomba ruhusa kazini. Walivuta viti viwili, wakakaa huku na huku, kiti cha mbao katikati. Hakuna aliyekigusa.

Tumba lilikuwa na mstari mwembamba ulioachia, lakini chini ya taa ile haukusema kama ni mweupe au wa waridi.

"Likiwa la waridi?" shemeji alinong'ona.

"Nitamwambia nilimdanganya."

"Na likiwa jeupe?"

Cheche alikitazama kiti. "Nitamwambia vilevile."

Saa tatu na nusu ncha ya tumba ilianza kupasuka. Shemeji alimshika mkono juu ya kile kiti, na wote wawili wakanyoosha shingo.