Sura kwenye Kikwembe

Harufu ya kitambaa kipya, kile ambacho bado kina wanga wa kiwandani na rangi isiyoonja maji, hunirudisha mara moja kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, kata ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Nilinusa vitambaa vya Ulaya kwa miaka saba, nilipokuwa nikitafuta diploma yangu ya uhandisi, na niliipata nikiwa mwanamke pekee darasani. Havinuki hivyo.

Mama alikuwa fundi cherehani, mtu wa Kasongo. Baba alikuwa karani kwenye kampuni ya shaba ya serikali. Kila mwaka, tarehe thelathini Juni ilipokaribia, watu wa chama tawala walimletea Mama marobota ya vikwembe, vile vitenge vyenye picha ya Rais na mwenge wa chama, ashone sare za wanawake na watoto watakaocheza kwenye sikukuu ya uhuru. Kazi ile ilikuwa na adabu zake. Mama hakukata kwanza. Alitandaza kitambaa sakafuni, akakizunguka akitafuta kila uso ulipo. Mkasi usipite shingoni. Kichwa kisitazame chini. Na zaidi ya yote, uso wa Rais usiangukie mahali pa kukalia. "Mukasi haurudiake nyuma," alikuwa akisema, huku pini zimemjaa mdomoni.

Nilipokuwa darasa la tano nilichaguliwa kuongoza mstari wa watoto. Sikushangaa. Nilikuwa wa kwanza shuleni, nilijua nyimbo zote za chama, na kiuno changu kilikuwa chepesi kuliko cha Kapinga, binti wa jirani, ingawa yeye alidai vinginevyo. Siku yenyewe Mama alinivalisha asubuhi na mapema, baridi ya Juni ikitukata masikio. Alinifunga kikwembe, ule uso mkubwa ukakaa vizuri kwenye paja la mbele, akaniambia nisikiguse. Kisha akatangulia uwanjani na sare za wengine.

Njiani Kapinga alinitazama kuanzia juu hadi chini. "Kikwembe yako inafagia barabara," akasema. "Bantu bataona unaenda ku kilio."

Hilo sikuweza kulivumilia. Nyuma ya ukuta wa shule nilikifungua, nikakipandisha, nikakizungusha, nikakikaza upya. Mbele sasa palikuwa na mwenge wa chama, umenyooka kabisa. Nyuma sikutazama. Mtoto anayeongoza mstari hana sababu ya kutazama nyuma.

Ngoma zilipoanza nilicheza kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Tulipogeuka kuwapa wakubwa mgongo, kama mchezo ulivyotaka, kicheko kilianza upande wa akina mama, kikakatika, kikaanza tena. Nilidhani ni mimi nawafurahisha, nikaongeza kiuno. Mama mmoja mnene aliyesimama karibu na kamba ya kuzuia watu alimnong'oneza mwenzake: "Siku zote ni yeye anatukaliaka. Leo tumemukalia."

Nikageuza shingo. Nikaona sikio la Rais.

Mkuu wa chama mtaani kwetu, mwanamume mpole wa abakosti ya kijivu, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, alituita pembeni, mimi na Mama. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Citoyenne," akamwita Mama, yaani mwananchi, "ni nani alivalisha huyu mutoto?"

Nilifungua mdomo. Mkono wa Mama ukatua begani kwangu, mzito kama pasi ya makaa.

"Ni miye, papa. Nilikuwa na haraka."

"Weye, fundi wa miaka yote hii, haukuona fasi uso inaangukia?"

"Macho imechoka, papa."

Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Aliweza kupenyeza uzi kwenye sindano huku akizungumza na mtu mlangoni.

Walichukua cherehani yake, ikakaa ofisini kwao hadi mvua za kwanza. Kila Jumamosi alizibua mifereji ya barabara kuu katika salongo, ile kazi ya lazima, na wateja wake wakipita walijifanya hawamwoni. Sare za mwaka uliofuata zilishonwa na fundi mwingine. Mama hakunipiga wala hakuniuliza neno. Nami, Mungu anisamehe, niliamini kwamba kweli alidhani kosa ni lake, nikafurahi kuwa siri yangu iko salama.

Niliporudi na diploma, vikwembe vya uhuru vilikuwa na bendera nyingine na sura nyingine. Nilimnunulia Mama kimoja, nikamwuliza siku ile ya kwanza kabisa ya uhuru, mwaka wa sitini, walivaa sura ya nani.

"Ya nani?" Akacheka. "Kila muntu alivaa nguo yake. Miye nilivaa ile ya ndoa."

Ndipo nikaungama. Aliendelea kuchambua sombe lake, majani ya muhogo ya mboga.

"Nilijua. Lakini ungesema ni weye, bangeuliza nani anakufundishaka vile ku nyumba. Bangeenda kwa baba yako, ku kazi. Fundi akikosa, ni mukasi. Mutoto akikosa, ni nyumba."

Nilikuwa nimedhani aliniokoa na fimbo. Kumbe siku ile, mbele ya ngoma na bendera, alikuwa ameokoa nyumba nzima, na mimi nikiwa nimenuna kwa sababu hawakuniacha nimalize kucheza.

Watu wakiniuliza nani alinisomesha, nataja diploma kwanza, kwa kuwa napenda kuitaja. Kisha nawaambia habari za mwanamke aliyeona vizuri kuliko wote uwanjani, akakubali hadharani kwamba haoni.