Ndege imekataa kupaa

Bandugu, leo ndege ilikataa kupaa, na sisi tukiwa ndani.

Ni kandege kadogo, Kindu kwenda Kisangani. Hapa kwetu wanapima mizigo, watu hawapimwi. Basi kila mtu alivaa mizigo yake.

Ndege ikakimbia nasi. Tukazidi kukimbia. Majani ya mwisho wa kiwanja yanakuja, magurudumu yangali chini.

Piloti akakanyaga freni. Tukasimama ndani ya majani. Hata pastere aliyetuombea safari alisahau kusema amina.

Piloti akageuka, jasho tupu. "Nani iko na muzigo haukupimwa?"

Wote tukatazama dirishani.

"Sawa. Tujaribu tena."

Hapo mama jirani yangu, mwenye mimba kubwa, akapiga kelele: "Apana, papa! Usituue!" Akajifungua palepale bidoni, dumu zima la mafuta ya mawese.

Wengine wakafuata. Pastere alikuwa amevaa suruali tatu, zote zimejaa mchele.

Piloti akatazama lile rundo la mizigo, akauliza polepole: "Na wale abiria wa jana, tulipaa nao namna gani?"



Mimi nimeshuka. Nitapita barabara ya Lubutu, hata matope yafike kiunoni.

Nyinyi mungebaki ndani?