Pango la Pweza Tunduma

Mimi sijui kukaa. Baba alikuwa akisema nimezaliwa nikikimbilia kitu ambacho hata mwenyewe sikijui. Kwetu Mbebe, kwenye milima ya Ileje, watu huamka na baridi yao wakaenda shamba kimyakimya. Mimi nilihangaika nyumba hadi nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwa hiyo nilipokwenda kusomea viumbe wa baharini, mtoto wa mlimani ambaye hata ziwa hakuwa ameliona, hakuna aliyeshangaa. Walishangaa niliporudi na kuanza kujenga tenki la maji ya chumvi Tunduma, mahali ambapo ukitaka kuiona bahari unakaa kwenye basi kutwa nzima na bado hujafika.

Aliyenipa kazi hiyo ni mwenye hoteli moja kando ya barabara ya mpakani. Ni mjane, mzito wa mwili na mwepesi wa maamuzi, na mji mzima tunamwita Mama. Wateja wake wengi ni madereva wa malori wanaosubiri zamu ya kuvuka, siku mbili, siku tatu, hawana la kufanya. Alitaka wapate cha kutazama.

"Nataka bahari hapo mapokezi," akaniambia. "Na ndani nataka pweza. Samaki wamezoeleka."

Nikamweleza kwamba pweza hapendi kutazamwa. Anataka pango la kujibana, mwanga hafifu, maji yenye uvuguvugu na kifuniko kizito, maana ni mtoro. Anataka pia kazi ya kufanya, la sivyo atadhoofika kwa uchovu wa kukaa bure.

Mama akacheka. "Huyo mgeni ana masharti kushinda mkwe."

Tulibishana wiki nzima. Yeye alitaka taa kali na kioo kitupu, mimi nilitaka mawe na kivuli. Nilikuwa namkumbuka baba. Akinunua ng'ombe, hakumjengea banda siku hiyo. Alimwacha uani siku kadhaa, akaangalia anapenda kulala wapi na upepo anaupa ubavu gani, ndipo akachimba mashimo ya nguzo. Basi nikapanga mawe yenye matundu kila upande wa tenki ili pweza achague mwenyewe. Alipofika kutoka pwani, mdogo, amejikunja ndani ya mfuko wa maji, alizunguka mara moja tu akaingia tundu linalotazama ukuta. Ukumbi wote akaupa mgongo.

"Nimeleta pweza au nimeleta mawe?" Mama akauliza. Lakini akaniachia pango, na taa akakubali zipunguzwe.

Kilichonikosesha raha ni baridi. Ilikuwa Juni, na upepo wa Tunduma mwezi huo hauna adabu. Umeme ulikuwa ukikatika hovyo, kwa hiyo kipasha maji cha umeme sikukiamini. Nikamwita fundi bomba, nikamwomba ashushe maji ya moto ya sola kutoka paani, yapite ndani ya bomba lililokunjwa na kuzamishwa kwenye sehemu ya chujio, joto litoke bila maji kuchanganyika.

"Bomba la nini, dada?" akauliza. "La chuma litaliwa na chumvi. La plastiki litabana joto."

Nikasema shaba, na sikufikiri hata kidogo. Hapa kwetu shaba inapita mbele ya macho kutwa, imepangwa juu ya malori kama matofali, na mtu akikuambia kitu ni cha shaba amekusifia. Fundi akalikunja bomba kwa ustadi, akalisugua likang'aa. Nikamshukuru, nikajiona nina akili.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Dada yangu anayekaa Itumba alikuwa akinitumia kaa wa mtoni ndani ya ndoo yenye nyasi mbichi, kwa kondakta wa Hiace. Nikimtumbukiza kaa mmoja, asubuhi nakuta ganda tupu mlangoni mwa pango. Siku nyingine nilimweka kaa ndani ya chupa nikafunga kifuniko, na pweza akakizungusha mpaka kikafunguka. Wageni hawakuona chochote, wakanung'unika. Mimi nilikuwa nachungulia kila baada ya muda mfupi. Naweka chai, naenda kuchungulia, narudi imepoa.

Wiki ya pili, asubuhi moja, pweza akatoka. Alijibandika kwenye kioo upande wa ukumbi, mweupe, mikono imetanda. Watu wakajaa. Dereva mmoja Mzambia akamwinamia, akamsalimu kwa lugha ya kwao, "Mulishani," wote wakacheka. Simu zikatoka mifukoni. Mama akanishika bega.

"Si nilikuambia? Amezoea watu."

Na mimi nikafurahi. Nasema hili kwa aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyesomea. Nilisimama pale nafurahi kama wengine, tena nikampiga picha.

Kisha nikamwona kaa. Nilikuwa nimemtumbukiza alfajiri, na sasa alikuwa anatembea taratibu juu ya mkono wa pweza, akavuka, akaenda zake. Pweza hakujitingisha. Nikapima chumvi, iko sawa. Nikapima joto, liko sawa. Nikapima tena vyote viwili. Nikaanza kutembea, kutoka kwenye tenki hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye tenki, watu wakinipisha. Mara ya tatu au ya nne nilipofika mlangoni nikatazama barabarani. Lori lilikuwa limesimama kwenye foleni, turubai limefunuka upande mmoja, shaba inawaka juani.

Ndipo nikalikumbuka bomba. Tulifundishwa darasani mpaka tukachoka kusikia: maji ya chumvi huila shaba polepole, na shaba ikiingia majini ni sumu kwa pweza. Nililijua hilo kwa mtihani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikuwa na pipa la maji safi ya chumvi, akiba ya kubadilishia, jikoni, karibu na ukuta wenye joto. Nikalaza mtungi ndani yake uwe pango, nikambeba pweza kwa mikono miwili. Alinishika kidole, lakini kwa nguvu za kulegea, kama mgonjwa anayekupa mkono kwa heshima tu. Fundi alikuwa ameshaitwa, amesimama hajui aweke wapi macho yake.

"Ni kazi yangu, dada?"

Ningeweza kunyamaza, na Mama angeelewa anavyotaka kuelewa.

"Hapana," nikasema. "Wewe uliniuliza. Mimi ndiye niliyesema shaba."

Siku ile na ya pili yake sikula. Nilifunua pipa, nikafunika, nikafunua. Kila nikifunua, mkono mmoja uliokuwa umechungulia mdomoni mwa mtungi ulirudi ndani. Niliona, na bado nilifunua. Mama akaja na kiti chake cha mapokezi, akakiweka mbele ya pipa, akakaa, na kiwiko akakiegemeza juu ya kifuniko.

"Binti yangu," akasema, "mimi nilitaka aonekane ili wageni wafurahi. Wewe unataka aonekane ili roho yako itulie. Yeye kwake tuna tofauti gani?"

Nikakitazama kiwiko chake juu ya kifuniko.

"Nenda Ileje ukamtafutie kaa. Hapa nipo."

Nikapanda gari hadi Itumba. Mimi na dada yangu tukageuza mawe mtoni mpaka vidole vikafa ganzi. Niliporudi kesho yake Mama alikuwa palepale, anapokea wageni kutoka jikoni, daftari la hoteli mapajani. Alininyang'anya ndoo. Akainua kifuniko kiasi cha kupitisha mkono, akatumbukiza kaa mmoja, akafunika. Mimi nilitazama ukuta.

Asubuhi yake niliingia jikoni nikiwa sijavua viatu vya safari tangu jana. Mama alikuwa ameshika chujio la chai lenye mpini mrefu. Alilipitisha chini ya kifuniko bila kutazama, akapapasa, akalitoa polepole. Ndani yake kulikuwa na ganda la kaa, tupu, limesafishwa mpaka kwenye viungo vya miguu. Akaniwekea kiganjani.

Mkono wangu wa pili ulikuwa tayari umegusa kifuniko. Nikauondoa. Nikavuta kiti, nikakaa.